Siku Mbili Hemani Kando ya Ziwa Mburo

Msafiri atokaye Kampala kwenda Mbarara, akisha kupita mji wa Lyantonde, huanza kuona jambo lisiloonekana kwa urahisi penginepo. Kando ya barabara ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu zilizopinda kama upinde, hula majani kwa utulivu. Na katikati yao, bila uzio wala ugomvi, husimama pundamilia. Mchungaji hawatazami mara mbili. Kwake hao ni majirani, pengine wema, pengine wasumbufu, kama walivyo majirani wote. Mgeni ndiye asimamishaye gari na kuwaamsha watoto.

Hiyo ndiyo nchi ya Mburo. Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo iko kusini ya barabara hiyo, mwendo wa kilomita zipatazo 240 kutoka Kampala. Eneo lake ni kadiri ya kilomita za mraba 370. Ni mbuga ndogo, hasa ikilinganishwa na ile ya Maporomoko ya Murchison, ambayo huzidi mara kumi ya hiyo. Lakini kwa familia yenye siku chache udogo huo ni faida. Askari aliyepewa ruhusa tangu Ijumaa hata Jumapili aweza kufika kwa saa nne tu za safari, kulala usiku mbili hemani pamoja na mkewe na wanawe, na kuwa kazini Jumatatu asubuhi bila kuchelewa.

NJIANI

Safari yenyewe ina mafunzo yake. Huko Kayabwe, yapata kilomita 72 kutoka Kampala, barabara hukata mstari wa Ikweta. Watoto hupenda kusimama hapo, mguu mmoja kaskazini ya dunia na mguu wa pili kusini. Mbele yake ni Lukaya, ambako mwezi Machi 1979 majeshi ya Tanzania yalipambana vikali na majeshi ya Idi Amin yaliyosaidiwa na askari wa Libya. Leo mahali hapo abiria husimama kununua kuku wa kuchoma na ndizi za moto. Mzazi aliyevaa sare za taifa hukosa neno la kuwaambia watoto hapo. Lakini yafaa alitafute, kwa kuwa amani inayomwezesha mtoto kula ndizi dirishani mwa gari haikuja yenyewe.

Baada ya Masaka migomba hupungua, milima hulainika, na nyasi huchukua nafasi ya mashamba. Hapo ndipo mwenye gari apunguze mwendo. Kutoka barabara kuu kuna njia za udongo ziendazo kwenye lango la Nshara na lango la Sanga. Wakati wa mvua udongo huo huteleza, kwa hiyo miezi ya Juni hata Agosti, na ya Desemba hata Februari, ndiyo bora kwa wenye watoto wadogo. Ni vema kufika kabla ya jioni: malango hufungwa saa moja, na hema lililosimamishwa gizani halisimami vizuri.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, nacho ni kidogo kuliko kile cha mgeni wa ng'ambo. Stakabadhi ya malipo hayo itunzwe, maana ina habari yake, kama itakavyoonekana mbele.

VYA KUCHUKUA

Mtoto aliyekulia kambini hulijua hema kuwa ni chombo cha kazi ya baba: kitu cha kijani kinachokunjwa na kupakiwa lorini wakati wa kuagana. Kulala humo pamoja naye ni jambo jingine kabisa. Mke naye, aliyezoea kukaa nyumbani akingoja habari za hema hilo, humwona mumewe akipigilia vigingi na kukaza kamba kwa ustadi ambao kwa miaka mingi ameusikia tu.

Mizigo haina haja ya kuwa mingi. Hema zima lisilovuja, turubai la kutandika chini, mablanketi kwa kuwa usiku wa Ankole una baridi, chandarua kwa kuwa ziwa lina mbu, tochi yenye mawe mapya, na madebe ya maji safi ya kunywa. Kwa chakula, unga wa posho, mchele, ndizi za matoke, chumvi, sukari na majani ya chai vyatosha. Maharagwe yachemshwe nyumbani kabla ya safari. Hivyo hupashwa moto tu na mkaa mwingi huokolewa. Mkaa au kuni zinunuliwe njiani, kwa kuwa ndani ya mbuga hairuhusiwi kukata mti wala tawi.

Vyakula vyote viwekwe katika sanduku lenye kifuniko kigumu, na sanduku lilale garini, kamwe lisilale hemani. Ngiri wa Mburo wamewazoea watu hata huzunguka kambini mchana kama mbuzi wa nyumbani, na tumbili hungoja mama ageuze kisogo ili wachukue mkate. Watoto hucheka sana wakiona hayo. Lakini ngiri ana meno, na mnyama aliyezoeshwa kupewa chakula huwa mwizi, na mwizi wa namna hiyo mwishowe hupigwa risasi. Kumtupia kipande cha posho si ukarimu.

AMRI YA USIKU

Mahali pa kupigia kambi pazuri kuliko pote ni ukingoni mwa ziwa lenyewe. Majani ni mafupi na laini, miti ina kivuli, na maji yako hatua chache tu mbele. Jambo asilolitambua mgeni kwa haraka ni kwamba majani hayo ni mafupi kwa sababu kuna anayeyakata kila usiku. Kiboko hushinda majini mchana kutwa akificha ngozi yake isichomwe na jua. Usiku huingia nchi kavu na kula majani kilo 40 hivi kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo familia ilalayo pale imelala malishoni mwake.

Askari wa mbuga huja jioni kueleza sheria. Hata kama mbele yake yuko sajini mwenye mabega mapana, maneno ni yale yale: “Mzee, na wewe Mama, jua likitua watoto wasiende kwenye maji. Kiboko akipita, mwacheni apite. Msisimame kati yake na ziwa.” Na sajini aliyezoea kuamuru hujibu, “Ndiyo, afande.” Watoto hulitazama jambo hilo kwa mshangao, nao hujifunza kwamba cheo hufuata mahali, na kwamba mtu mzima wa kweli hutii anayejua zaidi yake.

Sheria hiyo ina sababu. Kiboko ni mzito, lakini hukimbia kuliko mtu, na akiona njia yake ya kurudi majini imezibwa huifungua kwa nguvu. Akiachiwa nafasi hula na kwenda zake. Ndani ya hema lililofungwa, na watu walionyamaza, familia husikia pumzi yake na sauti ya majani yakikatwa, kra, kra, kra, karibu na masikio. Hakuna hadithi ya kitandani ipitayo hiyo. Mtoto atakaye kutoka usiku kwa haja amwamshe mzazi kwanza. Mzazi naye afungue zipu kidogo, amulike pande zote, angoje, ndipo watoke wote wawili.

Kuoga ziwani ni marufuku mchana na usiku, kwa ajili ya viboko na mamba. Atakaye kulijua ziwa apande mashua pamoja na waongozaji. Mwendo wa saa mbili hivi huwaonyesha watoto mamba walioanika vinywa juani, tai mla samaki akishuka kama jiwe, nyati wakinywa ukingoni, na pengine, chini ya matawi yaliyoinamia maji, ndege mmoja mwenye haya na mdomo mwekundu, ambaye wapenzi wa ndege husafiri kutoka Ulaya ili wamwone.

KWA MIGUU

Katika mbuga nyingi mgeni hakai ila garini. Mburo ni tofauti. Ndovu hawamo siku hizi, na simba, waliokuwako zamani, waliuawa hata wakawa nadra kabisa. Kwa hiyo watu wameruhusiwa kutembea kwa miguu, mradi wafuatane na askari wa mbuga mwenye bunduki. Asubuhi ya Jumamosi, umande ungali juu ya majani, familia yaweza kumfuata kwa mstari mmoja, kimya, kama doria. Hapo baba huwa ametulia kweli: kazi ya kulinda ni ya mwingine.

Askari huyo husoma ardhi kama mtu asomavyo gazeti. Huonyesha kwato za pundamilia zilizo duara na nzima, na za swala zilizogawanyika. Huonyesha mavi meupe ya fisi, ambayo ni meupe kwa sababu ya mifupa aliyoitafuna. Huonyesha mti uliochubuliwa na kucha za chui. Hupeleka watoto mahali pa chumvi, ambapo wanyama huramba udongo, naye huwafundisha kuelekea upande ule ambao upepo hautawatangulia. Pofu, aliye mkubwa kuliko swala wote, hukimbia mbali sana. Kuro husimama na kutazama. Nyati hutazama vibaya, na hapo askari huinua mkono na wote hurudi nyuma.

Kisha huonekana swala pala, wekundu kama udongo wa njia, majike kwa makumi yao na dume mmoja mwenye pembe akiwazungukia bila kupumzika. Kwa mtoto wa Kampala mnyama huyu si mgeni kabisa. Waganda waliuita mmoja wa vilima vyao kilima cha pala, kwa kuwa wanyama hao walilishwa pale zamani, na kutoka kilima hicho mji mkuu ukapata jina lake. Leo hakuna swala pala hata mmoja katika vilima vya Kampala. Mtoto azaliwaye huko akitaka kuliona jina la mji wake likitembea kwa miguu minne, hana budi kusafiri hadi Mburo.

Wako na twiga, lakini hao ni wahamiaji. Mwaka 2015 twiga 15 waliletwa kwa malori kutoka Murchison, mamia ya kilomita kutoka kaskazini. Walikuja kuongeza uzao mahali papya penye usalama, na pia kusaidia kazi. Miti ya migunga imeenea sana katika Mburo tangu walipotoweka ndovu waliokuwa wakiivunja. Inameza nyasi, na nyasi zikipungua pundamilia na swala hutoka nje kutafuta malisho katika ardhi ya wafugaji. Twiga hula migunga.

ARDHI ILIYOGOMBEWA

Hapo ndipo ulipo moyo wa habari za Mburo. Ardhi hii haikuwa tupu. Wahima wa Ankole walichunga humo vizazi kwa vizazi, wakihama na ng'ombe wao kufuata maji. Serikali ya kikoloni ilianza kuzuia uwindaji mwaka 1933. Kisha mbung'o walienea, ng'ombe wakafa na watu wengi wakahama; na katika juhudi za kuwamaliza mbung'o wanyama wengi wa porini walipigwa risasi. Mwaka 1963 nchi hiyo ikafanywa hifadhi ya wanyama, ambamo wafugaji kadha wa kadha waliruhusiwa kukaa.

Mwaka 1983 ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa. Maelfu ya watu wakatolewa kwa nguvu pamoja na mifugo yao, wengi bila fidia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1985, serikali ya wakati huo ilipoanguka, waliofukuzwa walirudi. Waliwafukuza walinzi, wakabomoa majengo, wakawaua wanyama kwa wingi. Hawakuwaua kwa njaa peke yake. Waliona kwamba wanyama ndio waliowaponza. Wakiisha, mbuga haitakuwa na sababu ya kuwapo, na ardhi itarudi kwa wenyewe.

Baada ya mwaka 1986 sehemu kubwa ya mbuga ilikatwa na kugawiwa watu. Waliobaki na mbuga ndogo walilazimika kukiri jambo moja: bunduki za walinzi haziwezi kumlinda pundamilia ambaye jirani yake anamchukia. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 maofisa wa mbuga walianza kwenda vijijini kusikiliza badala ya kwenda kukamata tu. Sheria ya mwaka 1996, iliyounda shirika jipya la wanyamapori la Uganda, iliagiza kwamba asilimia 20 ya viingilio vya langoni irudi kwa wananchi wakaao kando ya mbuga. Kwa fedha hizo na za namna hiyo yamejengwa madarasa na zahanati. Hiyo ndiyo habari ya ile stakabadhi: katika kila shilingi 100 za kiingilio, shilingi 20 ni za jirani.

Ugomvi haukwisha. Nyakati za ukame ng'ombe bado huingizwa mbugani, na wanyama bado hutoka: kiboko huingia shambani, chui huchukua ndama, pundamilia hula majani aliyoyatunza mwingine. Sheria ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa kuwafidia walioumizwa au kuharibiwa mali na wanyamapori. Fidia yaweza kuchelewa, na ng'ombe aliyekufa hangoji. Hata hivyo mchungaji wa Lyantonde anayemwacha pundamilia ale kando ya ng'ombe wake, ilhali miaka ya 1985 wenziwe walimpiga mishale, anatoa ushahidi kwamba jambo fulani limebadilika.

NDUGU WAWILI

Jioni ya Jumamosi, moto ukiwaka, ndio wakati wa kuwasimulia watoto jinsi ziwa lilivyopata jina. Wenyeji husema kwamba zamani hapakuwa na maji hapo, bali bonde la majani mazuri, walimokaa ndugu wawili, Kigarama na Mburo. Usiku mmoja Kigarama aliota kwamba hatari kubwa inakuja, na kwamba wote wawili waondoke wapande vilimani. Kulipokucha akamwambia ndugu yake. Mburo hakujali, bonde lilikuwa zuri, na ndoto ni ndoto. Kigarama akapanda peke yake. Siku chache baadaye maji yakafurika, yakajaa bonde lote, na Mburo akafa humo. Watu wakaliita ziwa Mburo, na vilima vinavyolitazama wakaviita Kigarama.

Mtoto hakosi kuuliza kwa nini Kigarama hakumshika ndugu yake mkono na kumvuta kwa nguvu. Ni swali zuri, wala mzazi asiharakishe kulijibu. Waliowatoa watu bondeni mwaka 1983 walivuta kwa nguvu, na matokeo yake yamekwisha kuelezwa. Onyo huokoa pale tu anayeonywa anapoliamini, na imani haiji kwa kuvutwa.

KUONDOKA

Jumapili asubuhi, baada ya chai na viazi vilivyochomwa katika majivu ya jana, hema hukunjwa. Moto uzimwe kwa maji, si kwa mchanga tu, na mkono uwekwe juu ya majivu kuhakikisha kwamba yamepoa. Katika majira ya kiangazi cheche moja yaweza kuunguza kilima kizima. Takataka zote, hata kifuniko cha chupa, zirudi nyumbani garini. Watoto wapange mstari na kupita uwanjani, kila mmoja akiokota kilicho mbele yake. Mtoto wa askari hujua kukagua uwanja kuliko wengine.

Ndani ya mbuga gari lisipite kilomita 40 kwa saa wala lisiiache njia, na honi isipigwe. Saa za mwisho zisipotezwe kwa haraka: mara nyingi ni katika kurudi langoni ambapo pundamilia hukatiza mbele ya gari, mama na mtoto, wasijue kwamba wametazamwa. Kisha lango, kisha udongo mwekundu, kisha barabara kuu, na wachungaji wakielekea majini na ng'ombe wao. Watoto wakiwapungia mkono, nao huinua fimbo kujibu.